Nani atakizima kiredio cha Bibi?

Jamani, kama kuna mtu yuko karibu na Dunda, aje atuokoe.

Leo ni singo ya mdogo wangu, anasuguliwa msio kabla ya harusi, na muziki nimeachiwa mimi.

Nikaazima kiredio cha Bibi, kile kidogo kisicho na kioo, nikatia memori kadi yenye nyimbo za taarab tupu. Kikagoma kuzisoma. Nikazifuta, nikazihamisha upya kutoka kwenye kompyuta, ndipo kikakubali.

Kina mama wakajifunga vibwebwe. Shughuli ikakolea haswa.

Wimbo wa mwisho kwenye kadi ukaisha, kikahamia kwenye memori yake ya ndani. Mimi hata sikujua kama kinayo.

Suratul Baqara. Ile ndefu kuliko zote.

Kanga zikapanda vichwani, watu wote wakakaa chini, kimya.

Nikanyoosha mkono nibonyeze. Bibi akaniangalia.

"Unataka kumkatisha nani?"

Nikaurudisha mkono wangu.

Mpaka sasa tumekaa hapa uani, bi harusi msio umemkaukia usoni. Shangazi ananinong'oneza, "Tulia, chaji itaisha."

Nitamwambiaje kwamba nimekichaji usiku kucha?