Ukoo Usioshika Jembe

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Jumatano, baba mkubwa aliingia uani kwangu bila kupiga hodi akautaka mkebe. Naitaja saa kwa sababu niliitazama. Kwa miaka kumi na tisa niliyoutunza mkebe ule, yeye, kaka wa marehemu baba yangu na mkubwa wa ukoo mzima, hakuwahi kuuulizia ila mara moja, aliponishauri nimwage karatasi nitilie sukari.

Mkebe ni wa biskuti, umeshika kutu pembeni. Ndani mna karatasi tisini na nne za familia yetu. Nilizipa namba na kuziorodhesha katika daftari, na hakuna aliyenituma. Mimi ni karani wa mizani katika bandari ya Mocímboa da Praia. Shule niliiacha darasa la nne. Kireno nilijifunza kwenye fomu za forodha, na herufi za Kiarabu nilizopata chuo cha Kurani nikazitumia kusomea barua za wazee, ambazo ni Kiswahili kitupu kilichovaa kanzu. Majirani waliniita mwalimu wa mende, kwa kuwa mende ndio waliokuwa wasomaji wenzangu.

Ilikuwa miaka ile ya gesi. Ilipatikana baharini, mbali na macho yetu, lakini ardhi iliyotakiwa ilikuwa chini ya miguu yetu, na shamba letu la minazi huko kaskazini lilikuwa ndani ya mpaka wa mradi. Ikatangazwa fidia. Tangu hapo wafu wa pwani yetu hawakulala. Makaburi yaliyokuwa yameoteshwa muhogo yakapakwa chokaa. Bwana mmoja mwenye mashine ya fotokopi akaanza kuuza nasaba zilizochovywa kwenye chai ili zionekane za kale. Vizazi vitano vilikuwa na bei yake, kumi bei nyingine, na ukitaka usharifu unaongeza kidogo. Nilionyeshwa moja ambamo babu alizaliwa baada ya mjukuu wake. Watu wa Awasse, ambao tangu nizaliwe hawakutujua, walikuja kwa pikipiki wakitukumbatia na kutuita ndugu wa damu.

Baba mkubwa hakuhitaji chai. Yeye alikuwa na kitu cha kweli, karatasi namba moja. Ni silsila ya ukoo wetu, kwa wino mweusi na mwekundu: wanaume kumi na mmoja, kuanzia yule aliyetoka ng'ambo akashukia kisiwa cha Vamizi hadi babu mzaa baba yangu. Wanawake hawamo. Kwa mujibu wa karatasi ile, ukoo wetu umezaana wanaume kwa wanaume kwa karibu miaka mia tatu.

Mwenye haja hasa alikuwa shangazi, mdogo wake baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa na nyumba mjini. Shangazi alikuwa na kibanda ndani ya shamba, na shamba hilo alilipalilia peke yake miaka thelathini na minne. Aliyeandikwa kuwa mlimaji angelipwa miti yake, na mwenye makazi ndani ya mpaka angepewa nyumba katika kijiji kipya. Asiyeandikwa angeambiwa ahame, basi.

Fomu zilijazwa chini ya turubai jeupe. Mwandishi alikuwa senyora mmoja wa kusini, mpole, asiye na haraka. Mkalimani wa mradi alikuwa amekwenda mazikoni, nikaombwa nikae mahali pake.

"Muulize mzee," senyora akaniambia, "nani aliipanda miti hii, na yeye ni nani kwake."

Baba mkubwa akasafisha koo akaifungua silsila. Akasoma majina yote kumi na moja, pamoja na sifa zao. Senyora alisubiri mpaka mwisho.

"Asante. Na shamba?"

"Shamba lilikuwepo."

"Nani alililima?"

Baba mkubwa akacheka kama mtu aliyeulizwa iwapo huwa anaoga. "Mwambie mtoto huyu kwamba ukoo wetu haujashika jembe tangu kuumbwa. Sisi ni watu wa chuo na biashara. Kulima kulikuwa na watu wake."

"Kaka," shangazi akasema kutoka nyuma, "ishia hapo hapo."

"Watu gani hao?" senyora akauliza.

"Watu tu. Wa bara. Walikuwa wa kwetu."

Nilitafsiri sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza. Ningeweza kulainisha. Sikulainisha, na sitasema ni kwa ajili ya uaminifu peke yake. Kuna sukari ya miaka mingi ilikuwa imeganda rohoni mwangu. Senyora akaandika mstari mmoja, akanitaka nimsomee mzee kabla hajatia sahihi. Nikamsomea: "Mwombaji anatamka kwamba yeye na wazee wake hawakuwahi kulima shamba hili."

"Hasa!" akasema, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Shangazi alisimama akakung'uta khanga yake. "Umetuzika, kaka. Na sanda umeshona mwenyewe."

Orodha ilipobandikwa ukutani kwa msimamizi wa wilaya, shamba letu lilikuwa na maneno mawili mbele yake: mlimaji hajulikani. Zilitolewa siku kumi na tano za pingamizi. Shangazi alikuja kwangu jioni hiyo hiyo, akaketi juu ya gunia la mchele.

"Mwanangu, wewe unayeishi na makaratasi. Humo ndani hamna hata moja linalonijua mimi?"

Lilikuwemo, na mimi nilijua. Chini kabisa ya mkebe zimetandikwa risiti kumi na nane za kodi ya kibanda, za zama za Wareno. Ziliwekwa pale ili silsila isishike kutu. Zote ni za mwanamke mmoja na za shamba lile lile. Kazi: mkulima. Alikozaliwa: bara. Nyuma ya mojawapo, kwa mkono wa babu na kwa herufi za Kiarabu, pameandikwa: "Minazi aliyopanda mama mvua hii, arobaini." Mama yake babu, kwa maana hiyo, ndiye mama wa sisi sote tuliobaki. Aliletwa pwani akiwa binti, kwa kubadilishwa na vitambaa. Kila mtu katika ukoo alilijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Shangazi akataka kuona daftari langu linasemaje. Nikamsomea, kwa kuwa hajui kusoma na mimi sijui kudanganya vizuri: "Namba 71 hadi 88. Risiti za mwanamke wa nje ya ukoo. Hazina umuhimu." Mwandiko ulikuwa wangu, tena wa kupendeza.

"Bibi ndiye aliyenifundisha kushika jembe," shangazi akasema. "Haya, lete huyo asiye na umuhimu twende naye."

Masharti ya pingamizi yalikuwa mepesi: risiti, na sahihi ya kila mrithi anayetaka fungu lake, kumkubali mwanamke yule kuwa mzazi wake. Warithi tulikuwa watatu, baba mkubwa, shangazi, na mimi kwa niaba ya marehemu baba. Tukaenda kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mmekuja kunivua nguo?"

"Tumekuja kukuvisha," shangazi akajibu. "Sahihi moja tu, kwamba bibi ni bibi."

"Nitie sahihi kwamba nimezaliwa na mtu aliyenunuliwa?"

"Hukuzaliwa naye, ulizaliwa na mwanawe. Ila kumnyea mgongoni ulimnyea, mpaka ukaota meno ya pili."

"Watu watasoma!"

"Nani? Msomaji ni huyu hapa na mende wake."

Alinigeukia mimi. "Na wewe, msomi, ulikuwa na kazi gani ya kuokota takataka?"

Nikamwambia kwamba takataka ile ilikuwa imeibeba silsila yake miaka yote. Akamwambia dada yake: "Pesa hupita, jina hubaki."

"Basi na likupikie," shangazi akasema, akatoka.

Mbele ya senyora, shangazi aliweka kidole gumba, mimi nikatia sahihi. Senyora alizisoma risiti zote kumi na nane, moja baada ya nyingine, akizishika kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kwa nini ushahidi mzuri hivi haukuletwa siku ya kwanza. Swali lile halikuhitaji mkalimani.

Fidia iligawanywa kama baba mkubwa mwenyewe alivyosisitiza mwanzoni, kwa sheria ya mirathi: mafungu mawili kwa kila mwanamume, moja kwa mwanamke. Katika mafungu yangu mawili nilimpa shangazi moja, kwa sababu minazi haikujipalilia. Kama ningekuwa na la tatu, kuligawa kungenitia uchungu; namshukuru Mungu halikuwepo. Shangazi akapata na nyumba yake, vyumba vitatu na bati jipya. Mafungu mawili ya baba mkubwa, meticais elfu tisini na mbili kila moja, hayakuwa na sahihi, kwa hiyo hayakulipwa.

Mvua za mwaka uliofuata ziliangusha paa la nyumba yake ya mjini, paa ambalo alikuwa ameahidi kulitengeneza kwa pesa za fidia. Sasa anaishi kwa dada yake, chumba cha mbele, penye upepo. Silsila ameitia katika fremu ya kioo na kuitundika juu ya kitanda. Wageni wakija huwasomea majina yote kumi na moja, na akimaliza huletewa samaki na wali na mwanamke anayerudi kutoka shamba jipya na jembe begani.

Mimi nimefuta mstari wangu katika daftari, nikaandika mwingine: "Namba 71 hadi 88. Mama wa ukoo." Niliomba ruhusa ya kuliongeza jina lake katika namba moja pia, nikafukuzwa. Basi nimefanya kazi ninayoiweza, nimehesabu gharama ya ile fremu na kilichomo, nikarudia hesabu mara mbili. Ni meticais laki moja na elfu themanini na nne.