Birthday ya binti yangu Newala: tuliwaalika watoto waje kuogelea, wakaja na ndoo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Nyuzi nazisoma mpaka mwisho halafu naondoka kimyakimya kama mgeni asiyeaga. Leo naandika, na sitatia chumvi wala ndimu. Yalivyotokea ndivyo nitakavyoyaweka.

Nina binti mmoja, Zuhura, katimiza miaka sita juzijuzi. Mwaka jana nilihamishiwa Newala kikazi. Kwangu mimi ni kama kurudi nyumbani, maana nimezaliwa Chilangala. Wife ni mtu wa Pangani, huku alikuwa hamjui hata mmoja.

Shida yetu ilikuwa moja tu. Zuhura hakuwa na rafiki.

Nyumba tuliyopanga ina geti, na wife ni muumini mkubwa wa geti kufungwa. Dogo akitoka shule, geti linarudishwa, anacheza na mdoli wake mpaka magharibi. Siku moja nilimuuliza mwalimu wake anaendeleaje. Akaniambia ni mtoto mwenye adabu, darasani yuko vizuri, ila wakati wa mapumziko anakaa na yeye mwalimu.

Hiyo iliniuma wakuu, sitaficha. Mtoto wa miaka mitano anapiga stori na mwalimu wakati wenzake wanaruka kamba.

Ndipo wife akaja na wazo la birthday. Akasema tualike darasa zima, wakishafika kwetu mara moja watamzoea. Hapo niliunga mkono mia kwa mia.

Ugomvi ukaja kwenye theme.

Wife alikuwa ameona mtandaoni sherehe ya nguva. Mapambo ya bluu, samaki wa karatasi, mtoto kavaa mkia, na katikati bwawa la plastiki la kupuliza, watoto wanaogelea.

Nikamuuliza, "Mama Zuhura, bwawa? Newala? Kipindi hiki?"

Kwa wasiopajua, sisi tuko juu ya uwanda na maji yako chini bondeni. Kiangazi kikikaza, bomba la mtaani linatoka siku linapojisikia. Mimi nimekua nabeba ndoo, mtu haniambii kitu kuhusu maji.

Akanijibu, "Mwanangu hatakosa sherehe kwa sababu ya bomba. Tutaita boza la maji."

Wakuu, mkeo akishasema "mwanangu" badala ya "mtoto wetu", ujue kikao kimefungwa.

Basi maandalizi yakaanza. Mpambaji tulimtoa Masasi, dada mmoja wa Mkomaindo anaitwa Rehema. Ana kipaji kwa kweli, ila anaongea kama redio. Keki pia ilitoka kwake, ya umbo la mkia wa samaki, na alisafiri nayo mapajani mpaka Newala bila kuegemea kiti. Bwawa liliagizwa Dar.

Kadi wife alizitengeneza mwenyewe, nzuri, zina picha ya nguva anacheka. Chini kaandika: vaa rangi ya bluu, njoo na nguo yako ya kuogelea. Zuhura akazigawa darasani kwa mkono wake.

Kuanzia hapo ikawa swali moja asubuhi na jioni. "Baba, watakuja?"

Namwambia watakuja mama. Anakaa kidogo, anauliza tena.

Jumamosi ikafika. Asubuhi boza likaingia mtaani kwetu linanguruma, likarudi kinyumenyume mpaka getini, likajaza bwawa na tenki letu. Mtaa mzima umeona. Rehema kapamba ua mpaka mimi mwenyewe nikajisikia mgeni kwangu. Pilau iko jikoni inanukia. Zuhura kavalishwa mkia, sketi ya kung'aa imebana miguu yote miwili, kutembea hawezi, akawa anaruka kama chura.

Saa ya sherehe ikafika. Hakuna mtu.

Tukasema watoto wa Kiswahili hao, wanachelewa. Tukasubiri. Muziki unapiga, maputo yanapasuka yenyewe kwa jua. Hakuna mtu.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bluu, ameacha hata kuuliza. Afadhali angelia. Wife akaingia ndani, nikajua kaenda kufuta machozi. Rehema, yule redio, siku hiyo hata yeye alinyamaza.

Mara nikasikia zogo nje ya geti. Nikasema hao wamefika. Nikafungua.

Wakuu, nje kulikuwa na foleni. Ndoo, madumu, beseni, sufuria. Kina mama kadhaa na watoto wengi, foleni imekata kona.

Aliyekuwa mbele ni Mama Asha, jirani wa nyumba ya tatu. Akaniamkia vizuri kabisa, halafu akasema, "Baba Zuhura, tumeliona boza. Nnauliza, ndoo mnauza shilingi ngapi?"

Kumbe huku boza likiingia kwa mtu, maana yake mwenye nyumba anauza maji. Nani ataita boza kwa ajili ya kuchezea?

Wife akatokea nyuma yangu. Macho mekundu. Akanong'ona, "Funga geti, Baba Zuhura. Sherehe ya mwanangu imegeuka gulio."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo kweli, sijui ningefanya nini. Lakini Zuhura alikuwa ameshafika, anarukaruka na mkia wake. Akachungulia.

"Baba! Asha huyo! Na Mwanahamisi! Na Tatu, wa darasani kwetu!"

Nikaangalia vizuri. Ni wao. Wale wale waliopewa kadi, kila mmoja na ndoo yake kichwani.

Zuhura akakumbuka adabu. "Shikamoo Mama Asha."

"Marahaba mwanangu. Mbona wamekufunga miguu?"

Kina mama wakacheka, mimi pia nikacheka, ikanibidi. Wife hakucheka. Akamuuliza Mama Asha, kwa sauti ya kuumia kweli, "Dada, Asha si alipewa kadi? Mbona hamkumleta?"

Mama Asha akashusha dumu lake chini.

"Alipewa, mama, na alilala nayo. Ila imeandika aje na nguo ya kuogelea. Mie hiyo nguo naitoa wapi? Nikaona mtoto asije akaaibika mbele za watu. Nikamwambia tutakwenda kuchota maji tu, shughuli utaiona ukiwa pale pale getini."



Wife alimwangalia Asha. Asha alikuwa kavaa gauni la bluu. Limepauka, ila ni la bluu. Na Tatu kajifunga khanga ya bluu. Walikuja kuchota maji wakiwa na nguo za sherehe.

Hapo wife alinishangaza, na nimeishi naye miaka. Alifuta uso kwa upande wa mtandio, akasema kwa sauti ya kuamrisha:

"Haya. Ndoo zikae foleni. Watoto waingie ndani."

Nikauliza maji je, tunauza? Alinitazama mimi niliyezaliwa huku, nikaona aibu kwa swali langu. Akachukua kopo jikoni, akaanza kuchota kwenye bwawa na kujaza ndoo moja baada ya nyingine, yeye na Mama Asha.

Zuhura alivua ule mkia, akautupa. Akaingia bwawani na kikombe cha plastiki, wenzake wakaingia naye, wakawa wanachota na kumimina kwenye ndoo za mama zao. Walilowa, walimwagiana, walipigiwa kelele waache kumwaga, wakamwaga tena. Hakuna aliyeogelea. Keki ilikatwa bwawa likiwa tupu, na pilau watoto waliila wakiwa wamekaa humo humo ndani kama kwenye jamvi. Rehema alinung'unika kwamba picha za kuweka status zimeharibika, halafu naye akavua viatu akaingia.

Wakuu, mimi fundisho nililopata ni dogo. Theme siyo tatizo, kila mtu na mfuko wake na ndoto zake. Lakini kabla hujaandika kwenye kadi mgeni aje na nini, fikiria kwanza nyumba anayotoka. Mstari mmoja wa kadi ulitaka kumkosesha mwanangu darasa zima, na aliyeuandika hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Jumatatu yake alasiri nilisikia sauti nje ya geti. "Zuhura! Twende bombani!"

Wife akaniangalia, nami nikamwangalia. Akaingia jikoni, akatoka na kidumu kilichoisha mafuta, akakiosha, akampa mtoto na kufungua geti mwenyewe.

Alirudi kidumu kiko nusu, gauni limelowa mpaka kiunoni, kanuna kwa sababu Asha kamwambia hajui kubeba. Wife akanambia taratibu, "Umesikia? Kagombana na mtu."

Alikuwa anafurahi, wakuu. Kugombana unatakiwa uwe na wa kugombana naye.

Waliowahi kuwafanyia watoto birthday huku mikoani tupeni uzoefu, na mlio na ya kunisema semeni tu, nipo nasoma. Muda wa kusoma ninao. Nyumba imetulia, Zuhura yuko kwa kina Asha, mama yake ameshamwita mara mbili aje kula na hajaitika.