Siku Mbili Nilizobaki na Mbwa

Mama aliacha kula siku ya Jumatatu. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Gasorwe, kule Muyinga, akaniambia nije haraka. Mimi nilikuwa Gitega, mtaa wa Musinzira, na uani kwangu kulikuwa na mbwa kumi na tisa.

Wa kwanza nilimwokota mwenyewe, amegongwa na pikipiki. Baada ya hapo watu wakanijua, wakaanza kuniletea wao: mwenye ukurutu, kipofu, jike lenye mimba. Kila aliyeleta alinisifu kwamba nina moyo mzuri, akanawa mikono, akaenda zake. Hakuna aliyerudi hata na kifuko cha ndagala, vile vidagaa vikavu.

Mbwa kumi na tisa ni sufuria mbili za ugali na utumbo kila siku. Ni kuzoa kinyesi, kuosha vidonda, kupaka dawa ambayo harufu yake haitoki mikononi hata kanisani. Kwa miaka sita sikulala nje ya nyumba ile. Binti wa kaka yangu aliolewa, sikwenda.

Jumatatu ile nikaanza kupiga simu. Nilitaka mtu wa kupika na kuwamwagia chakula kwa siku nne tu. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyewahi kuniletea jike na watoto wake watano ndani ya gunia, alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mama mmoja wa ofisini, aliyehamia nyumba isiyo na ua na kuniachia mbwa wake huku akilia, alisema atanipigia baadaye. Hakupiga. Wenzangu wa kwaya walisema wataniombea. Jumanne nikashinda nyumbani tena, nakoroga ugali na kuangalia simu. Nilikuwa na hasira ya kufungua geti wote watoke waende wanakojua. Sikufungua, na hilo nalo linaniudhi hadi leo.

Jumatano alfajiri jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta. Ni fundi cherehani, Mwislamu, na siku zote nilidhani anatuchukia kwa sababu ya kelele. Alikuwa amesikia habari za mama.

"Mi sitaki waniguse, nina swala zangu," akasema. "Lakini kupika naweza. Nitawamwagia kutoka huku kwa upawa mrefu. We nenda kwa mama."

Nilipofika Gasorwe mchana nilikuta viti vimepangwa uani. Mama alikuwa amefariki asubuhi, mimi nikiwa ndani ya basi. Kaka hakunipa mkono.

"Jana alikuulizia mara tatu," akasema. "Nikamwambia uko njiani."

Nilikaa na wanawake, nikalia, na katikati ya kilio nilikuwa nawachukia watu wa Gitega mmoja mmoja.

Kesho yake tukazika. Tulipotoka makaburini yule mwalimu akanipigia simu. Alinipa pole, kisha akauliza nitarudi lini, kwa maana alikuwa na mbwa mwingine hajui ampeleke wapi. Nilikata simu.

Niliporudi Musinzira mbwa wangu wote walikuwa wazima, wameshiba. Na kwenye geti alikuwa amefungwa mmoja mgeni, mwekundu, kwa kamba ya mgomba. Jirani aliniambia mwalimu ndiye aliyemleta jana yake. Yeye jirani amempa maji tu. Sikuingia hata ndani. Nilimfungua, nikamwongoza mchana kweupe hadi kwa mwalimu, nikamkuta ameketi na wageni.

"Madame," akasema, "wewe ndiye unayejua mambo ya wanyama."

"Nilijifunza," nikamwambia. "Na wewe utajifunza."

Nikamtia kamba mkononi mbele ya wageni wake, nikaondoka.

Tangu siku hiyo sipokei tena. Nimebaki na hawa kumi na tisa, nami nitakaa nao hadi wafe. Mjini wanasema nimekuwa na roho mbaya. Waseme. Huwa napita makusudi kwenye nyumba ya mwalimu nitazame kama yule mwekundu ana maji; anayo, na mwalimu akiniona huingia ndani.

Kaka yangu namsalimu kwa simu kila Jumapili. Anaitikia, anauliza kama mimi ni mzima, basi. Wiki iliyopita aliniuliza kama mbwa hawajambo. Sijui kama alikuwa ananisema au anauliza kweli. Nilimjibu kwamba hawajambo.