“Futa Tu, Mzee”: Fundi wa Kasulu na Sauti 312 za Wajane

Saa tatu asubuhi, Nyakitonto, wilayani Kasulu. Josepha Castory ameketi kwenye kigoda uani kwa Bibi Pelagia, mjane wa miaka 74, akimsogezea kinasa sauti. Bibi anataja mipaka ya shamba lake: kijito, mti mkubwa wa mvumu, kaburi la mumewe. Kisha anamgeukia Josepha.

“Mwaka jana si niliyasema haya yote? Kompyuta yenu imesahau?”

“Si kompyuta, bibi,” anajibu Josepha, macho chini. “Niliyeyapoteza ni mimi.”

Josepha, 33, ni fundi wa kompyuta wa shirika dogo linalowasaidia wajane kutetea ardhi yao. Lina ofisi mbili, Kasulu na Kibondo. Kurekodi si kazi yake. Amejikuta anaifanya kwa sababu ya kosa ambalo hadi leo linampa taabu kulisimulia.

Mwaka juzi alifunga seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia faili, moja kila ofisi na kuziunganisha, ili faili inayowekwa Kibondo ionekane pia Kasulu baada ya dakika chache.

“Niliwaambia hakuna kitakachopotea tena,” anasema. “Nilikuwa najisifu.”

Shirika lilikuwa limenunua leseni moja ya programu ya seva, naye akadhani inatosha mashine zote mbili. Kumbe ya Kibondo ilikuwa ikitumia toleo la majaribio la siku 180. Mkurugenzi, Bi. Mwanaamina, alipouliza, Josepha alijibu, “Leseni ipo,” bila kusoma mkataba.

Siku hizo zilipokwisha, seva ya Kibondo ikaanza kujizima yenyewe kila baada ya saa moja. Faili zikakwama, folda zikajirudia, diski ikajaa. Karani wa huko, Mzee Venanti, 58, akampigia simu.

“Mwanangu, naona folda mbili za wajane, na nafasi imekwisha. Nifanyeje?”

“Futa tu zote, Mzee. Kasulu zipo, zitarudi.”

Mzee akafuta. Lakini seva zilizounganishwa hivyo hupelekeana kila badiliko, na kufuta nako ni badiliko. Haikupita robo saa, za Kasulu nazo zikatoweka: rekodi 312, kila moja ya mjane mmoja akieleza mipaka ya shamba lake. Vinasa sauti vilikuwa vimeshasafishwa ili vitumike tena. Kati ya wajane hao, 46 wamekwisha kufariki.

Kikaoni, Bi. Mwanaamina aliuliza nani amefuta.

“Ni mimi,” alisema Mzee Venanti, kisha akangoja.

Josepha akatazama meza. Mzee akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

“Aliniangalia mara moja tu. Hakunitaja,” anasema Josepha. “Jumapili kanisani nilishindwa kwenda kukomunika. Nilibaki kwenye benchi, watu wananipita.”

Alikaa na siri hiyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alipanda basi hadi Kibondo, akamkuta mzee akianika maharage.

“Nilijua utakuja,” Mzee Venanti alimwambia. “Ila siku kumi na moja ni nyingi, kwa mtu ninayemwita mwanangu.”

Waliingia ofisini pamoja. Josepha akasema yote mbele ya mkurugenzi: simu, leseni, na ukimya wake.

Bi. Mwanaamina anakumbuka alivyomjibu. “Nilimwambia kosa la mashine ningelisamehe siku ileile. Kumwachia mtu mzima aibu yako ndiko kulikonikera.”

Mzee Venanti alirudishwa kazini. Josepha alipewa onyo la maandishi na jukumu la kukusanya upya maelezo hayo. Leseni ya pili imenunuliwa, na kila Ijumaa nakala ya tatu huwekwa kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini, mbali na seva zote mbili.

Hadi sasa amerekodi wajane 128. Mzee Venanti humpokea vizuri, ila siku hizi anamwita “fundi”.

“Sina haki ya kumwomba anirudishie jina lile,” anasema Josepha.

Wiki ijayo anakwenda Mabamba kwa Niyomwungere, ambaye mama yake ni mmoja wa wale 46. Binti huyo ana shauri la ardhi, na ameshaomba sauti ya mama yake isikilizwe barazani.

“Bado anaamini ipo,” anasema Josepha. “Nitamwambia mwenyewe. Halafu nitamwomba twende kwa majirani waliokuwepo mama alipoonyesha mipaka, mmoja baada ya mwingine, niwarekodi. Kama atakubali kuongozana na mimi.”