Siku Tuliyozima Kiyoyozi

Ubongo wa ng'ombe nilikuwa nikiuchukua machinjioni Kilifi asubuhi na mapema, ungali na joto, na mchinjaji hakuchoka kunitania: "Daktari, kwani huo wako haukutoshi?" Ndani ya ubongo mna vijiti vyembamba mno, na juu yake hutembea protini zinazobeba mizigo ya seli. Nilitaka kuiona protini moja, moja tu, ikipiga hatua.

Wiki nzima sikuona kitu. Vijiti nilivitengeneza vizuri, lakini kila nilipoviweka chini ya hadubini viliyeyuka kabla sijakaa sawa. Wenzangu wakaniambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani, nami naona maji matupu? Profesa wangu akanieleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, kwamba nisipofaulu kufikia Ijumaa kila kitu kitafungwa kipelekwe kwa washirika wetu wa Ulaya, wakakitazame huko. Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Ng'ombe wetu, mikono yetu, halafu macho yawe ya wengine?

Ijumaa hiyo fundi wetu wa maabara, mzee wa Matsangoni, aliingia chumba cha hadubini amevaa sweta, na nje jua linapasua kichwa. Kwetu kiyoyozi ni heshima, hakipunguzwi. Chumba kile kilikuwa na baridi kuliko vyote, hata watu wa ofisini walikuja kulia chakula humo. Niliitazama sweta ile, ndipo nikaelewa. Vijiti vya ubongo hutaka joto la mwili. Vikipigwa na baridi huvunjika.

"Mzee, tafadhali zima kiyoyozi."

"Tutaiva humu, mwanangu."

"Na tuive."

Watu wa ofisini waliondoka na sahani zao wakinung'unika. Niliweka vijiti vipya, jasho likinichuruzika hadi kwenye kope. Safari hii vilikaa. Kisha nukta moja ya nuru, protini niliyoitia rangi ya kung'aa, ikasogea, ikatulia, ikasogea tena, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mzee akachungulia. "Kumbe kweli katembea haka," akasema.

Profesa alipoingia alianza kuulizia joto, akaiona skrini, akainama kuitazama. Kisha akatoa simu na kuwapigia wa Ulaya papo hapo, mbele yetu. Akawaambia hakuna kitakachosafirishwa; anayetaka kuona aje Kilifi.

"Na mje na nguo nyepesi," akamalizia.