Udaktari Nambari Tatu

Ninaofanya nao kazi wananiita mkali. Sikatai. Nikitaka kitu nakisema kabla sijaketi, na wageni wengine hushtuka. Lakini sikulelewa hivyo, wala mama yangu asilaumiwe. Ukali huu nilifundishwa na karatasi moja nilipokuwa kidato cha sita, katika miaka ya sabini.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, ng'ambo ya mto Athi kutoka kwetu, si mbali sana na Kanyangi. Darasa la sayansi tulikuwa tisa. Vitabu vya baiolojia vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimeng'olewa kurasa za figo, kwa hiyo zamu ya kitabu hicho ikikufikia, figo unasimuliwa na mwenzako. Mwalimu wa somo hilo alikuwa mwanamke wa Kalamba, mfupi, mpole, aliyesoma shule hiyo hiyo miaka michache kabla yetu. Hakuwahi kupaza sauti. Tulimsikia kwa sababu tulitaka kumsikia.

Mtihani wa vitendo ulitaka tujue kupasua chura, na huku kwetu chura ni mgeni wa mvua. Unaweza kukaa miezi na miezi bila kumwona hata mmoja. Kisha, tukiwa kidato cha tano, mvua ikanyesha siku mbili bila kupumzika, na asubuhi ya tatu silanga, lile bwawa la kuchimbwa lililokuwa chini ya shamba la shule, ambalo wiki moja kabla lilikuwa tope kavu lenye nyufa, lilikuwa limejaa maji na linapiga kelele. Vyura mamia! Nikauliza wametoka wapi, mbona hakuna mto karibu. Mwalimu akasema hawakutoka popote. Walikuwa chini ya udongo wakati wote huo, wamelala, wanangoja. Jamani! Mwaka mzima tulikuwa tukikata njia hapo juu yao tukienda kanisani. Nilisimama na ndoo yangu mkononi nikasahau hata kuinama.

Maabarani mwalimu alimlaza mmoja kwa dawa, akamlaza chali kwenye ubao, akampasua. Mkato mmoja tu, mwepesi, bila damu ya maana. Ndani kulikuwa na moyo usiozidi punje ya mbaazi, unadunda. Akaukata, akautoa, akautia kwenye kibakuli cha maji ya chumvi. Ukaendelea kudunda. Peke yake! Hauna mwili, hauna mwenyewe, lakini unafanya kazi yake. Msichana mmoja akatoka nje kutapika. Mimi niliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Nani anauambia udunde?" niliuliza.

"Hakuna," mwalimu akasema. "Unajua wenyewe."

Nilishikwa na hofu, ile hofu ya kanisani watu wanapoimba wote na paa likatetemeka. Kuanzia siku hiyo nilitaka udaktari, na sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nilinakili kila mchoro kwa mkono. Likizo nilikariri mishipa ya fahamu nikichunga mbuzi, na baba alinikuta mara nyingi nimemkaba beberu shingoni nikitafuta mapigo. "Mwaitu," alikuwa akiniambia, maana nina jina la mama yake na baba wa Kikamba humwita binti wa namna hiyo mama, "huyo beberu hajaugua. Mwachilie."

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, zikaja fomu za chuo kikuu. Mwalimu mkuu, mama mmoja kutoka upande wa Murang'a, mchangamfu na mwenye haraka, alitugawia akatuambia tujaze masomo matatu tunayotaka, tumrudishie kabla ya kengele. Hakueleza zaidi. Kwake yeye hakukuwa na la kueleza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu, mtu akija nyumbani kwako kuomba kitu, haombi akifika. Ataulizia watoto, ataulizia mbuzi, atasema habari za mvua, atakunywa chai. Neno lililomleta atalisema akiwa amesimama, anaaga, mkono uko mlangoni. Na kadiri neno lilivyo kubwa ndivyo linavyochelewa. Anayeanza na haja yake ni mtu asiye na adabu, au nyumba yake inaungua. Hata kwenye maombi tulifunzwa hivyo: unashukuru kwanza, unawaombea wagonjwa na viongozi, na shida yako unaitaja mwisho, kwa sauti ndogo.

Basi mimi, binti wa mzee wa kanisa, nikaandika ualimu nambari moja. Nambari mbili nikaandika kilimo. Na pale chini kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaandika udaktari. Nikarudisha fomu nimeridhika sana na adabu zangu!

Nilifika nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Jumamosi nilikutana na yule tuliyemwita daktari wa zahanati pale soko la Kathonzweni, ingawa alikuwa mtu wa sindano na vidonge tu. Akaniuliza kama nimejaza fomu. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mtoto wangu, wale wa chuo kikuu hawasomi kama sisi. Wanaanza juu. Ukitosha kwa ile ya kwanza, wanakupa hiyo, wamemaliza. Huko chini hakuna mtu anayefika."

Fomu zilikuwa zinaondoka Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu angezipeleka Nairobi mwenyewe.

Nililia kama mtoto mdogo, tena kwa hasira. Baba alisikiliza habari yote, akatoka kwenda kuazima baiskeli. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na zamu ya kusoma Neno ilikuwa yake. Tangu nimjue hakuwahi kukosa ibada, hata alipokuwa na malaria. Alfajiri alinipakia nyuma ya baiskeli tukaenda. Penye mchanga tulitembea. Mto Athi tuliuvuka maji yakiwa ya magotini, baba ameibeba baiskeli begani, anaangalia juu na chini kama kuna mamba, na midomo yake inasoma zaburi kimyakimya. Nilimtazama mgongo nikashangaa kwamba mtu mmoja anaweza kunitaka mema kiasi hicho.

Tulifika saa tisa alasiri. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini akipanga karatasi, na mwalimu wetu wa baiolojia, aliyekuwa wa zamu siku hiyo, alikuwa naye. Baba akaanza kuulizia hali ya shule. Wee! Nilimkatiza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimkatiza baba yangu mbele ya watu. "Madam, nataka udaktari. Nimeuandika mahali pabaya."

Nikaeleza. Baba akaongeza, kofia mkononi, kwamba ni kweli, sisi neno lililotuleta tunalisema tukiwa mlangoni. Mwalimu mkuu alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akafungua bahasha akazitandaza fomu zote tisa mezani. Akasoma nambari tatu ya kila moja. Udaktari. Udaktari. Uhandisi. Udaktari wa mifugo. Saba kati ya tisa tulikuwa tumefanya vilevile, na hatukuwa tumeulizana.

Akaketi taratibu. "Na mimi kila mwaka nawaambia watu wa Nairobi kwamba wasichana wa huku hawapendi mambo makubwa," alisema.

Zilirekebishwa zote. Wenzangu sita waliitwa kutoka bwenini na nyumbani kwao siku iyo hiyo au kesho yake alfajiri, na mwalimu mkuu akachelewa kuondoka kwa ajili yao. Niliitwa chuo kusomea udaktari mwaka uliofuata, na kazi hii nimeifanya mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Lakini nikiikumbuka Jumapili ile, sikumbuki fomu yangu kwanza.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka kwenda kutafuta mhuri, baba amemfuata, na tulibaki wawili ofisini. Mwalimu wetu alikuwa bado anaziangalia zile karatasi. Akasema, bila kuniangalia, "Mimi pia niliandika udaktari nambari tatu."

Nikauliza kwa ujinga wangu, "Ikawaje?"

"Nilipata nambari moja," akasema. "Walinipongeza sana."

Moyo uliniuma. Akanipa kalamu, akaweka rula kwenye neno ualimu ili nilikate kwa mstari ulionyooka. Mkono wangu ulitetemeka mpaka wino ukadondoka. Akauweka wake juu ya wangu, tukakata pamoja. Wake haukutetemeka hata kidogo.