Hedwiga na Mrija wa Kioo

Katika maabara ya hospitali moja ya misheni, huko juu kwenye milima ya Umatengo, Hedwiga Kapinga ndiye aliyekabidhiwa mtambo mpya wa kutenganisha protini za damu. Alikuwa mzaliwa wa Namswea, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kuvumilia uchafu. Wenzake walimtania kwamba kikombe kikipita mikononi mwake hupungua unene kwa kusuguliwa.

Asubuhi hiyo hakucheka. Kwenye benchi la nje aliketi Lukresia, mama aliyepanda kutoka Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, akiwa na binti yake Careen wa miaka mitatu. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa ikivimba na kumliza mara kwa mara. Kipimo cha awali kilionyesha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini hakikusema kama aliirithi kwa mzazi mmoja tu, hali ambayo kwa kawaida haimuumizi mtu, au kwa wote wawili. Jibu hilo ndilo lingeamua kama aanze dawa za kila siku.

“Dada, leo nitajua?” Lukresia aliuliza. “Mama mkwe anasema mtoto ni mvivu, na uvivu kautoa kwetu. Nikirudi mikono mitupu, sitaruhusiwa kupanda huku tena.”

“Subiri kidogo, mama Careen.”

Ndani ya mtambo kulikuwa na mrija wa kioo wenye tundu jembamba kuliko unywele. Umeme huzisukuma protini humo, kila aina kwa mwendo wake, na kila inayofika mwisho huchora kilele kwenye skrini. Tatizo ni kwamba protini hupenda kung’ang’ania kioo. Kwa hiyo, kabla ya damu, hupitishwa sabuni maalumu inayoacha utando mwembamba ukutani, ili protini ziteleze.

Hedwiga alipima. Badala ya vilele, skrini ilichora mgongo mmoja mpana, kama wa ng’ombe aliyelala. Akarudia, na ng’ombe hakuamka.

Jonas, mwenzake aliyehamishiwa hapo kutoka Singida, alisogeza kiti akamtazama akianza upya.

“Hayo maji ya nini?”

“Ya kusuuza sabuni.”

“Kwenye mafunzo tulisuuza kwa maji?”

“Tulipitisha dawa ya kuendeshea kidogo tu, ile inayobeba umeme mrijani. Lakini Jonas, unaachaje chombo kinateleza?”

Kwao Namswea, kahawa iliyomenywa huvundikwa, kisha huoshwa hadi ute wote utoke na punje zikwaruze kiganjani. Punje inayoteleza haijaoshwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni, na mkono wake haukuwahi kujiuliza.

“Ninyi Wamatengo,” Jonas alisema, “mngeweza mngeosha hata mvua. Sasa hiyo sabuni tunaiweka ya nini, kama unaifuata na ndoo?”

Hedwiga aliutazama ule mrija. Kisha akajipiga paji la uso. “Jamani! Nimeosha kahawa.”

Alitoka nje kwanza. “Mama Careen, kosa ni langu, nilikosea kuandaa mtambo. Damu iliyobaki inatosha, sitamchoma mtoto tena.”

“Ilimradi nipate jibu,” Lukresia alisema.

Safari hii alipitisha sabuni, akaifuatisha ile dawa ya kuendeshea kidogo, akaficha mikono mifukoni ili isishike maji. Kilele kimoja kikasimama, chembamba na kirefu, mahali pa selimundu. Kando yake kikasimama kingine kidogo, cha himoglobini ya utotoni, protini ya damu ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mahali pa himoglobini ya kawaida palikuwa tambarare kabisa: Careen alirithi kwa wazazi wote wawili.

Daktari alithibitisha, akaandika dawa, akamweleza Lukresia mwenyewe. Mama yule hakulia. Alitoka akamtafuta Hedwiga.

“Kumbe si uvivu.”

“Si uvivu. Ni maumivu ya kweli.”

“Basi naomba umwambie mama mkwe wewe mwenyewe. Mimi hatanisikia.” Akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

“Shikamoo, mama,” Hedwiga alisema.

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

Hedwiga alijitambulisha, akaeleza polepole: mtoto ni mgonjwa, atumie dawa kila siku, anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi. Ugonjwa huo hautoki upande mmoja. Baba na mama wote wamechangia.

Lukresia aliisogeza simu karibu.

“Na mwanangu pia?”

“Na mwanao pia, mama.”

“Haya,” sauti ilisema, chini zaidi. “Mwambieni asimpitishe mtoto kwenye mvua. Baba yake atawafuata.”

Lukresia alimfunika Careen kanga ya pili, akaenda dirisha la dawa.